Saa Mbili Zinazolishwa na Mwili, Zilizojaribiwa Lamu

Kwa muda wa miezi kumi na moja nimekuwa nikivaa kwa zamu saa mbili za mkono ambazo hazitiwi betri ya dukani wala hazitegemei mwanga wa jua. Ya kwanza hupata umeme wake kutokana na joto la mwili wa mvaaji, na ya pili huupata kutokana na mwendo wa mkono. Zote mbili nimezivaa hapa Lamu, katika mitaa ya Mkomani na Langoni, darasani ninapofundisha fizikia, na ndani ya mashua za kuvuka Mokowe, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Watengenezaji wake sitawataja, kwa kuwa ninachokipima ni aina ya saa na namna inavyofanya kazi katika hewa yetu. Nitaanza na ile iliyonishinda, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Saa ya joto nilipewa na shemeji yangu afanyaye kazi Muscat. Aliniambia ameivaa miaka miwili bila kusimama hata siku moja, nami sina sababu ya kutomwamini, maana ni mtu mwangalifu wa vitu vyake. Niliivaa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na joto likiwa limepanda, na siku ya tatu kioo chake kilizimika. Nilidhani imepata hitilafu safarini. Niliivua, nikaifuta chumvi, kisha nikaitia ndani ya shati, karibu na kifua, nikiamini kwamba kadiri itakavyopata joto ndivyo itakavyoamka. Haikuamka. Siku chache baadaye nilikuwa narudi kutoka Mokowe usiku, mkono wangu umekaa ubavuni mwa mashua, upepo unapiga na rasharasha za maji zinarukia, nikaona kioo kimewaka chenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimeliandika ubaoni kwa miaka mingi na sikuwahi kulifikiria kwenye mkono wangu mwenyewe.

Joto peke yake halitoi umeme. Kinachotoa umeme ni tofauti ya joto baina ya pande mbili, kama alivyogundua Thomas Johann Seebeck mwaka 1821 alipounganisha metali mbili zisizofanana na kupasha moto kiungo kimoja huku cha pili kikiwa baridi. Maji ya bamvua yaliyojaa pomoni na kutulia hayawezi kusukuma chombo, hata yawe mengi namna gani. Chombo husukumwa na mkondo, yaani maji yanayotoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Ndivyo ilivyo ndani ya saa hii. Mgongo wake hugusa ngozi, uso wake hugusa hewa, na katikati pana vijiti vidogo vingi vya nusukipitishi (semikonda) ambavyo joto hupitia likitoka mkononi kwenda nje. Hewa ikiwa na joto karibu sawa na la ngozi, mkondo unakufa. Nilipoitia saa ndani ya shati niliipasha joto pande zote mbili, kwa hiyo nilizidi kuizima.

Nilichukua kipimajoto cha maabara ya shule, nikapima. Alasiri moja ya Februari, nikiwa nimekaa dakani, mlangoni mwa nyumba yetu, ngozi ya mkono wangu ilikuwa nyuzi 33.5 na hewa ya kichochoro ilikuwa nyuzi 30.5. Tofauti ni nyuzi tatu tu. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mtambo wowote unaogeuza joto kuwa kazi una kikomo kinachotegemea tofauti hiyo, na ukipiga hesabu kwa nyuzi tatu utaona kikomo chenyewe hakifiki hata asilimia moja ya joto linalopita. Shemeji yangu hukaa ofisini kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20 tangu asubuhi hadi jioni, na kwa tofauti ya nyuzi 13 kikomo chake hupanda kupita asilimia nne. Kwa hiyo saa ileile, mkononi mwa watu wawili wa familia moja, ilipata riziki mbili tofauti kabisa. Wala kikomo hicho hakifikiwi kamwe, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti ya joto hupotelea kwenye ngozi yenyewe na kwenye hewa iliyoganda juu ya kioo. Saa ya Thermic iliyotolewa na Seiko mwaka 1998, ambayo ni miongoni mwa saa mashuhuri za aina hii, ilifanya kazi kwa tofauti ya takriban nyuzi moja na nusu ndani ya vijiti vyake, ikapata takriban maikrowati 22 (maikrowati ni sehemu moja ya milioni ya wati), na ikageuza kuwa umeme sehemu moja tu katika kila elfu ya joto lililopita.

Ni vyema msomaji aelewe udogo wa kiasi hicho, kwa maana wanafunzi wangu walipoiona saa swali lao la kwanza lilikuwa moja: je, mwili utaweza kuichaji simu? Mwili wa mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la karibu wati 100, hivi kwamba watu kumi waliokaa barazani wakizungumza wanatoa joto sawa na pasi ya umeme. Mali ipo, ila njia ya kuichukua ni nyembamba mno. Betri ya simu ya kawaida hubeba karibu wati-saa 15. Ukiilisha kwa maikrowati 20 usiku na mchana bila kukoma, itajaa baada ya miaka 85 hivi. Saa ya kwatzi ya akrabu, yaani ya mishale, kwa upande wake, hutosheka na maikrowati moja au pungufu. Ndiyo maana teknolojia hii ilianzia kwenye saa na ndiyo maana ninaipima kwa saa. Anayeuza kifaa cha mkononi na kudai kwamba kitaichaji simu kwa joto la ngozi anastahili kuulizwa hesabu hii kabla ya kupewa shilingi.

Kusi ilipoingia mambo yalibadilika kidogo. Mwezi wa Julai, alfajiri, hewa ya ufukweni inapoa na upepo hauachi kuvuma, na saa ya joto iliamka karibu kila siku nilipokuwa natoka msikitini, ikaendelea hadi saa tatu hivi za asubuhi, jua lilipoanza kuunguza kuta. Kisha ikalala. Saa inayojua wakati alfajiri na kuusahau adhuhuri haimfai mtu anayepanga siku yake kwa adhana, kengele ya shule na maji kujaa na kupwa. Sisemi ni saa mbaya. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ni nyembamba, haina kitu kinachosogea ndani yake kiasi cha kuchakaa, na mtu wa Limuru au Nyahururu angeishukuru. Kwa Lamu, Malindi na mwambao wote, siipendekezi.

Saa ya pili niliinunua Mombasa, ya mtumba, kwa shilingi 9,500. Hii haijali hewa. Ndani yake pana kipande cha chuma kizito chenye umbo la nusu mwezi kinachozunguka kwa uhuru kila mkono unapoinuka au kugeuka. Chuma hicho huzungusha meno madogo, na meno hayo huongeza kasi hadi sumaku ndogo sana ikazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika kando ya waya uliosokotwa. Kanuni ni ileile ya Michael Faraday ya mwaka 1831, ile inayoendesha mitambo ya umeme ya mabwawa ya Tana, isipokuwa hapa bwawa ni mkono wa mtu. Umeme unaopatikana huwekwa akibani na kutumika polepole. Seiko walionyesha saa ya namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na kuanza kuiuza mwaka 1988, kwa hiyo si jambo geni. Nashangaa tu kwamba hapa kwetu ni wachache wanaoijua, ilhali watu wetu wanatembea kwa miguu kuliko watu wa miji mingi.

Saa yangu ina kitufe pembeni. Ukikibonyeza, akrabu ya sekunde huruka mbele: ikiruka sekunde tano akiba ni ndogo, ikiruka kumi au ishirini inatosha, ikiruka thelathini imejaa. Kitufe hicho ndicho nilichokifanya mizani yangu. Nilitaka kujua ni kazi gani za watu wa Lamu zinazoilisha saa, na kila jaribio nililianza akiba ikiwa kwenye tano.

Kwanza niliivaa mwenyewe. Nilikwenda Shela na kurudi kwa miguu, njia ya ufukweni, siku nne mfululizo. Ni mwendo wa takriban dakika arubaini na tano kwenda na kama huo kurudi, na siku ya nne jioni akrabu iliruka kumi. Nikaona ni mapato ya halali lakini ya polepole. Nikagundua pia kwamba nina mazoea ya kushika mikono nyuma ninapotembea, na siku nilizojikumbusha kuiachia ining'inie, saa ilinufaika zaidi.

Kisha nilimvisha mama yangu. Yeye hushona kofia za vito, na huweza kukaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri bila sindano kupumzika. Niliamini kwamba mkono usiotulia kiasi hicho utaijaza saa kwa siku mbili. Baada ya siku tano, akrabu ilikuwa bado inaruka tano, na siku ya sita ilianza kuruka sekunde mbilimbili yenyewe, ambayo ni ishara ya njaa. Nilikaa karibu yake nikautazama mkono wake kwa makini labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Vidole vinakwenda, lakini kifundo cha mkono kimetulia juu ya paja kama nanga, kwa sababu mishono midogo namna ile haiwezi kutoka kwenye mkono unaoyumba. Kile chuma cha ndani ya saa hakihisi vidole. Kinahitaji mkono uinuke na kugeuka. Mama aliivua akanirudishia akisema, "Mwanangu, hii ni saa ya wabebaji." Alikuwa amesema kweli, na lazima niliseme hili wazi kwa watakaonunua: wazee, wagonjwa, washonaji na makarani wanaokaa siku nzima hawatapata faida kwenye saa hii wasipotenga muda wa kuitikisa.

Jaribio la tatu lilifanyika Matondoni, kwa kijana mwanafunzi wa fundi anayeunda jahazi. Nilimwomba aivae mkono wa kulia, mkono wa tezo, nikamwachia siku tatu. Niliporudi aliniambia, "Mwalimu, niliogopa itavunjika, lakini fundi alisema kazi haiwezi kuisubiri saa." Nilibonyeza kitufe na akrabu ikaruka ishirini. Siku mbili kati ya hizo alikuwa akichonga mbao za ubavu kwa tezo, na siku moja alikuwa akikalafati, yaani akiziba mianya baina ya mbao. Tezo lilimpa zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa akiibonyeza saa kila jioni kwa udadisi. Katika kukalafati mkono hupiga kwa umbali mfupi. Nilifurahi kuona kwamba kijana yule, ambaye aliacha shule darasa la nane, alielewa jinsi saa inavyojilisha kwa kuivaa siku tatu, akaeleza wenzake bila makosa. Darasani imenichukua vipindi viwili.

Kuhusu maji, jambo ambalo wanaoandika tathmini za saa hulipita haraka, mimi nililipa uzito. Anayeswali hutia udhu mara nyingi kwa siku, na kila anapoivua saa ukingoni mwa birika yupo hatarini kuisahau. Saa ya mwendo inastahimili maji na sikuwahi kuivua, ila mkanda wake wa ngozi ulioza kwa jasho na chumvi katika miezi mitatu, nikauondoa na kutia wa chuma. Saa ya joto nayo inastahimili maji, na kwa dakika chache baada ya udhu, maji yakiwa yanakauka juu ya uso wake, ilikuwa ikipata nguvu kidogo, kwani maji yanapokauka hupoza.

Kasoro kubwa ya saa ya mwendo ni akiba yake. Saa za mwanzo za aina hii ziliweka umeme kwenye kapasita, kipande kidogo cha kutunzia umeme, na kapasita huchoka kwa miaka. Yangu, kwa kuwa ni ya mtumba, ilikuwa imechoka: hata ikiruka thelathini, nilipoivua kwa siku mbili ilisimama. Fundi saa wangu wa Langoni aliifungua, akanionyesha kwamba mitambo yote ni mizima, na akasema kipande cha akiba hakipatikani hapa. Aliagiza betri ndogo ya kuchajika ya lithiamu inayotumiwa siku hizi mahali pa kapasita. Ilichukua wiki sita na ilinigharimu shilingi 2,800 pamoja na kazi yake. Baada ya matengenezo hayo niliiweka sandukuni siku 40, na nilipoitoa ilikuwa bado inakwenda na haijapoteza hata nusu dakika. Kwa hiyo yeyote atakayenunua ya mtumba aijaribu kwanza: aitikise hadi ijae, aiache siku tatu mezani, ndipo atoe fedha.

Kwa fedha tupu, saa hii haimshindi mwenye saa ya kawaida ya betri, kwani betri ya kitufe hukaa miaka miwili au mitatu na bei yake ni ndogo. Faida yake iko kwingine. Betri za kitufe zilizokufa hutupwa majaani na ufukweni, na mtoto akiimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache; mimi ni baba, na kila betri isiyoingia nyumbani naihesabu kuwa heri. Tena wapo watu wetu wa Kiwayu na Ndau, na wavuvi wanaolala dago, yaani kambini mbali na kwao, kwa wiki nyingi, ambao saa ikisimama hawana fundi wa kumwendea. Mkono wa mvuvi unaovuta nyavu na kupiga kasia hautaiacha saa hii ilale.

Nimejiuliza pia ni kipi kingetufaa zaidi, na jibu langu ni jasho. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha utepe mwembamba unaobandikwa kwenye ncha ya kidole, ambapo vimeng'enya hutumia lakteti iliyomo ndani ya jasho kutoa umeme. Ncha za vidole hutoa jasho hata mtu akiwa amelala, na katika saa kumi za usingizi utepe huo ulikusanya karibu milijuli 400, kiasi cha kuendesha saa ya elektroniki kwa siku nzima. Hauhitaji hewa ya baridi wala kutembea hadi Shela. Mama yangu angeweza kuuvaa usiku na kushona kofia zake mchana. Bado hatuna cha kununua dukani, na ndiyo sababu siupi alama, lakini siku utakapouzwa nitakuwa miongoni mwa wa kwanza kuulipia, kwa sababu kama kuna kitu ambacho kaskazi hutupa bila kutunyima, ni jasho.

Na kuna mahali ambapo jambo hili linapita saa kabisa. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Kifaa cha namna hiyo kiliwekwa mwilini mwa mtu kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1958, na cha siku hizi hutumia umeme wa maikrowati chache tu, sawa na chakula cha saa. Hata hivyo betri yake huisha baada ya miaka kadhaa, na kuibadilisha ni kupasuliwa upya, safari ya Nairobi, na michango ya mtaa mzima. Mwaka 2014 Canan Dagdeviren na wenzake huko Marekani waliweka utando laini wa piezo, yaani unaotoa umeme unapokunjwa, juu ya mioyo ya ng'ombe na kondoo, na mapigo yenyewe yakatoa umeme wa kutosha kifaa kama hicho. Mzee aliponiuliza kwa nini navaa saa mbili, nilimweleza haya, akaweka kiganja kifuani kwa muda kabla hajasema neno.

Saa ya mwendo nimebaki nayo, na ninawapendekezea walimu, wabebaji, mabaharia, mafundi wa vyombo na kila anayetembea. Ya joto nilimrudishia shemeji yangu alipokuja kwa Maulidi. Aliivaa palepale gatini, tukaitazama wote wawili, na kioo kikabaki cheusi kwa muda wote aliokaa nasi. Siku ya pili baada ya kufika Muscat aliniletea picha kwa simu: mkono wake juu ya meza ya ofisi, kioo kimewaka, saa nne na robo asubuhi.